Matumbawe ya Ukingoni

Asubuhi ile walipofika chini, Daktari alidhani miwani yake imeingia ukungu. Akaingiza maji kidogo, akayapuliza nje kwa pua kama afanyavyo mpiga mbizi yeyote, kisha akatazama tena. Ukungu haukuwapo. Mwamba wenyewe ndio uliokuwa mweupe.

Haukuwa weupe wa mchanga. Ulikuwa weupe wa mfupa uliotoka kuvuliwa nyama, na ulianza pale alipokuwa, ukaenda mpaka macho yalipogota. Matumbawe ya matawi, yale ya mviringo kama vichwa vya watu, yale mapana kama sinia, yote yalikuwa yamepauka. Samaki walikuwapo bado, wakipitapita juu yake kama watu waliofika harusini wakakuta msiba.

Akamtafuta mwenzake kwa macho. Huyu alikuwa fundi wa kupiga mbizi wa kituo, mwanamume mrefu mwenye miguu mikubwa, ambaye watu wote walimwita Kimya kwa sababu aliweza kumaliza siku nzima kazini bila kutoa sentensi yenye kitenzi. Alikuwa amepiga magoti kwenye mchanga, mkono mmoja umeshika kamba ya kupimia, mwingine umelala tu pajani. Hakuikunjua kamba ile mpaka Daktari alipomgusa bega. Kisha wakafanya kazi waliyoijia. Walitandaza kamba juu ya mwamba, wakaandika kilicho chini ya kila alama, kama walivyofanya kila msimu tangu wote wawili wakiwa na nywele nyeusi.

Kituo chao cha utafiti kilikuwa jengo la ghorofa moja karibu na bandari. Uani palikuwa na matangi ya saruji na pampu iliyokoroma mchana kutwa. Ndani mlikuwa na hadubini mbili, moja nzima na nyingine ya kuazimana vipuri, na friji lililoandikwa kwa wino mwekundu "Humu hamna chakula", maana mhasibu mmoja aliwahi kuchukua vielelezo vya samaki akavikaanga. Daktari alikuwa amepewa nafasi za kwenda kwingine, kwenye vyuo vyenye maabara za kung'aa. Hakwenda. Alisema mtu akitaka kumjua mgonjwa, asihame hospitali.

Nyumbani aliishi na mama yake. Mama alikuwa akiwaambia majirani, kwa sauti ya kujisifu iliyojivika malalamiko, kwamba amesomesha daktari asiyejua kutibu hata mafua. Siku ile Daktari aliporudi na kukaa mezani bila kugusa sahani, Mama aliacha utani. Akataka aelezwe.

Daktari akamweleza kwamba tumbawe si jiwe. Ni mnyama mdogo anayejijengea nyumba ya chokaa, na ndani ya ngozi yake wamo vijimea vidogo mno vinavyompa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Maji yakipata joto kupita kiasi, mnyama yule huvitapika vijimea vyake. Hubaki mweupe.

"Basi amekufa," Mama akasema.

"Bado, Mama. Yuko hai, ila hana cha kula. Maji yakipoa mapema vijimea vinarudi."

"Na yasipopoa?"

Daktari akavuta sahani, akaanza kula.

Maji hayakupoa. Kipimajoto walichokifunga kwenye mwamba kilionyesha joto lile lile wiki baada ya wiki, na waliposhuka tena, weupe ulikuwa umeanza kuvaa nywele. Mwani wa rangi ya matope ulikuwa umeota juu ya matumbawe, na mwani haujengi makao juu ya kiumbe kilicho hai. Daktari alipitisha kidole kwenye tawi moja alilolijua tangu likiwa na urefu wa kidole hicho hicho. Likakatika.

Walizunguka mwamba wote. Upande mmoja tu walikuta rangi: ukingoni, pale mwamba unapoporomoka kuelekea njia ya meli, kwenye kina kirefu ambako maji baridi hupanda kutoka chini. Pale matumbawe yalikuwa ya kahawia na kijani, ncha za matawi zikiwa za buluu, kama vile habari za huku nyuma hazijayafikia. Haukuwa mstari mrefu. Mtu angeuogelea kwa pumzi chache. Lakini yalikuwa yamestahimili msimu ule ule ulioua mengine, na Daktari alijua thamani ya kitu kama hicho. Hiyo ndiyo mbegu. Mwamba ukipewa misimu kadhaa ya kupumzika, mayai ya matumbawe haya yangeweza kuchukuliwa na mkondo, yakatua juu ya mifupa ile na kuanza upya.

Tatizo lilikuwa hiyo njia ya meli.

Miaka mingi kulikuwa na mpango wa kuipanua na kuiongezea kina ili meli kubwa ziingie bandarini. Mpango huo ulizuiwa na kifungu kimoja cha kibali: mwamba usiguswe maadamu matumbawe yaliyo hai yanafika sehemu moja ya tano ya eneo lake. Kila msimu hesabu ya Daktari ilipelekwa serikalini, na kila msimu ilizidi kiwango hicho kwa mbali. Hakuna aliyeshughulika naye. Sasa barua ilikuwa imekuja kuomba hesabu mpya, mapema kuliko kawaida.

Na mmoja wa wahandisi wa upanuzi huo alikuwa mdogo wake Daktari, mtoto wa mwisho wa Mama. Aliishi nyumba ya pili na mkewe, na jioni alikuja kula kwa Mama kana kwamba kwake hakuna jiko. Nyumbani walimwita Injinia. Ndugu hao walipendana. Kwa muda mrefu walitaniana juu ya mwamba ule, yeye akimwambia dada yake kwamba anawalinda konokono, na dada akimwambia kwamba kazi yake ni kuchimba shimo ambalo bahari italifukia yenyewe. Mwaka ule utani ulikauka. Bandari ilikuwa imepungukiwa na meli, wapakuzi walikuwa wamepunguzwa, na nusu ya mtaa walikuwa wamekaa barazani mchana.

Injinia alimwambia jambo moja tu, wakiwa wanaosha vyombo. "Dada, mimi sitakuambia uandike nini. Andika unachokiona."

Alimaanisha hivyo. Daktari alilikumbuka jambo hilo baadaye, aliposhawishika kumchukia.

Mkurugenzi wa kituo alimwita ofisini, akafunga mlango. Alikuwa mtu mwema aliyekaribia kustaafu, na uso wake siku ile ulikuwa kama wa mtu anayenunua kitu kilichokatazwa. Alimkumbusha kwamba wana hesabu mbili za msimu huo. Ya kwanza ilifanywa siku ile mwamba ulipokuwa mweupe, na tumbawe jeupe ni tumbawe hai. Ya pili ilifanywa mwani ulipokwisha kuota. Serikali ilikuwa imeomba hesabu ya msimu. Haikusema ipi.

"Ile ya kwanza hukuitunga," alisema. "Ni kazi yako, na ni ya kweli."

"Ilikuwa ya kweli siku ile."

"Daktari, wakipata ya pili wataleta meli ya kuchimba kabla sijamaliza kukabidhi ofisi."

Daktari alimwomba ampe muda. Akatoka, akamkuta Kimya uani akisuuza mitungi ya hewa kwa maji baridi, akamsimulia yote. Kimya aliendelea kusuuza hadi mtungi wa mwisho. Halafu akauliza, "Ukipeleka ile ya kwanza, nani atajua?"

"Mimi na wewe."

"Mimi sisemi."

Ilikuwa mara ya kwanza Daktari kumsikia akifanya mzaha juu ya jina lake, na alicheka mpaka akalazimika kukaa kwenye ukuta wa tangi. Alipomaliza kucheka alikuwa ameshaamua. Alipeleka ya pili.

Hakuifanya kazi hiyo kijinga. Aliandika ripoti ndefu kuliko zote alizowahi kuandika. Alieleza kwamba mwamba uliounguzwa na joto si mwamba uliokwisha, akaonyesha mahali pengine ambapo miamba iliinuka tena, akachora ramani ya ule ukingo, akaomba misimu michache tu ya kusubiri. Aliamini kwamba mtu aliyemwambia mwenzake ukweli mchungu kwenye ukurasa wa kwanza atasikilizwa kwenye kurasa zinazofuata. Kama angedanganya na akagunduliwa, miaka yake yote ya hesabu ingetupwa jalalani, pamoja na kila neno ambalo angesema tena juu ya bahari. Hivyo ndivyo alivyomweleza Mkurugenzi. Hakumwambia sababu nyingine, ambayo ilikuwa rahisi zaidi: hakuweza. Mkono ulikataa.

Serikalini walisoma namba. Sijui kama kuna aliyefungua ramani.

Habari aliileta Injinia mwenyewe, jioni, akiwa amesimama mlangoni na viatu vyake vya kazi mkononi. Kibali kilikuwa kimetoka. Mama akatazama chini. Injinia alisema kwamba amepigania jambo moja na amelipata: wangeanza kuchimba upande wa bahari kuu, na upande wa mwamba ungeachwa mpaka mwisho wa mwezi. Kama dada yake alitaka kuyahamisha yale matumbawe ya ukingoni, muda ulikuwapo.

"Una hakika?" Daktari akamuuliza.

"Nimeahidiwa."

Kuhamisha matumbawe ni kazi ya patasi, nyundo na subira. Unakata kipande pale kinapokubali kukatika, unakiweka kwenye kreti ya plastiki bila kukisugua na chenzake, unakipandisha taratibu, unakiweka ndani ya tangi la maji ya bahari mashuani, unakifunika kisipigwe na jua. Kisha unakwenda mwamba wa nje, ulio mbali na njia ya meli, unashuka tena, unakibandika kwa saruji maalumu, kimoja kimoja, kama mtu anayeunga vikombe vilivyovunjika. Walifanya hivyo siku baada ya siku, kwenye kina ambacho mwili wa mtu hautakiwi kukizoea. Kituo hakikuwa na wapiga mbizi wengine. Daktari aliandika barua za kuomba msaada na akajibiwa kwa pole nyingi.

Jioni walirudi wakiwa hoi. Mke wa Kimya, mshonaji mwenye cherehani sebuleni na maneno mengi ya kutosha wote wawili, aliwapikia, akawagombeza. Yeye na Daktari waliitana wifi tangu siku ya harusi yake, maana siku ile Daktari ndiye aliyesimama upande wa bwana harusi kama dada yake. Wifi alisema mume wake ameanza kunuka kama nanga. Alisema pia, safari hii bila mzaha, kwamba mikono yake inakufa ganzi usiku. Kimya akatikisa kichwa kuonyesha si kitu. Daktari alisikia vizuri. Alimwambia apumzike siku mbili, na Kimya akapumzika moja.

Siku ya mwisho ilibaki kreti moja. Ilikuwa Jumamosi, na meli ya kuchimba ilikuwa isogee Jumatatu. Walikuwa wameshashuka mara moja asubuhi, na sikio la kushoto la Daktari lilikuwa limeziba kwa mafua, likimuuma kama limechomwa sindano. Hakuweza kushuka tena. Kanuni ya kwanza ya kazi ile ni kwamba mtu hashuki peke yake, na kanuni hiyo alikuwa ameifundisha yeye, miaka na miaka, kwa wanafunzi wasio na idadi.

Kimya alinyoosha kidole kuonyesha chini, kisha akanyoosha kimoja angani. Mara moja tu.

Daktari angeweza kusema hapana. Mashuani walikuwa wao wawili tu, na yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa kazi. Alitazama kreti tupu. Akamfungia kamba ya ishara kiunoni, akamwambia, "Nikivuta mara tatu, acha kila kitu, upande juu." Kimya akaingia majini kinyumenyume.

Hakuwa amekaa sana chini wakati Daktari aliposikia mngurumo. Meli ya kuchimba ilikuwa inaingia kwenye njia, bomba lake la kufyonza mchanga likiwa limekwisha kuteremshwa, na nyuma yake maji yalikuwa yamebadilika rangi. Baadaye ilijulikana kwamba wenye meli walikuwa na kazi nyingine ya kuwahi bandari nyingine, wakaamua kuanza siku mbili mapema, upande wowote uliokuwa karibu. Injinia aliarifiwa ikiwa tayari inang'oa nanga. Alimpigia simu dada yake tena na tena. Simu ilikuwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, chini ya nguo, chini ya kiti.

Wingu la tope lilikuja na mkondo, pana, rangi ya chai ya maziwa, likameza ukingo wote. Daktari alipunga jaketi la kujiokolea juu ya kichwa. Alipiga filimbi. Hakuna aliyemwona, au waliomwona walidhani anawasalimia. Akashika kamba kwa mikono miwili, akavuta mara tatu.

Chini, kama Kimya alivyosimulia baadaye kwa maneno machache, giza lilimjia ghafla. Alikuwa ameingia chini ya mwamba uliojitokeza, akigonga patasi. Hakuona mkono wake. Hakuweza kusoma saa wala kipimo cha hewa. Mngurumo ulikuwa pande zote, na alidhani bomba liko juu yake. Kisha kamba ikavutwa. Alifanya kile ambacho mwili wowote ungefanya: alipanda moja kwa moja, haraka, bila kusimama njiani kuiacha hewa iliyomjaa damuni itoke polepole.

Aliibuka hatua chache tu kutoka mashuani, kreti bado iko mkononi. Daktari alimvuta ndani. Kimya aliketi, akavua miwani, akasema, "Nimeyapata." Kisha akajaribu kusimama ili aiweke kreti kwenye tangi, na miguu yake haikumtii. Aliitazama kwa mshangao, kama mtu aliyemwita mtoto wake na mtoto asiitike.

Daktari alijua papo hapo. Viputo vya hewa vilikuwa vimekwama kwenye uti wa mgongo. Alimvisha barakoa ya oksijeni, akaelekeza mashua pwani kwa kasi yote, akizungumza naye njia nzima bila kujua anasema nini. Chumba cha shinikizo, ambacho mtu wa namna hiyo huingizwa ili viputo vile visagike, kilikuwa katika mji mwingine. Gari la wagonjwa lilichelewa. Mlima wa kwanza lilipanda vizuri, wa pili likachemka. Mpaka wanamwingiza chumbani, daktari wa zamu, daktari wa kweli wa watu, aliangalia saa, kisha akamwangalia Daktari.

Injinia alifika hospitalini akiwa na viatu vyake vya kazi, tope halijakauka. Aliketi kwenye benchi la upande wa pili wa ukumbi. Walikaa hivyo mpaka mhudumu akaja kupiga deki, akawaomba wainue miguu.

"Nilipiga simu," Injinia akasema.

"Ilikuwa kwenye mfuko."

Baada ya hapo hawakulizungumzia tena, siku hiyo wala baadaye.

Kimya alirudi nyumbani kwenye kiti cha magurudumu. Mikono ilikuwa salama, na kifua. Kuanzia kiunoni hakukuwa na kitu. Mkewe alimpokea, akapanga upya chumba chote ili cherehani isizuie njia ya magurudumu, na hakumlaumu mtu yeyote kwa mdomo. Ila Daktari alipobisha hodi kwa mara ya kwanza, mwanamke yule alifungua, akamtazama, akasema, "Karibu, Daktari." Daktari alisimama kizingitini kama aliyepigwa kofi. Miaka yote ile hakuwahi kuitwa hivyo katika nyumba ile.

Upanuzi ulikamilika. Meli kubwa ziliingia, wapakuzi wakarudi kazini, na mtaa ukachangamka. Mtu angelazimika kuwa na roho mbaya kusema hakufurahi kuwaona wale akina baba wakitoka asubuhi tena. Ukingo wa mwamba haukuwapo tena. Pale palipokuwa na matawi ya ncha za buluu pamekuwa ukuta wa udongo uliokatwa wima, na mwamba uliobaki nyuma yake umefunikwa na vumbi la chini ya maji, laini kama unga. Serikali ilimwomba Daktari aandike ripoti ya athari. Aliandika. Mkurugenzi alistaafu. Mama alianza kumhimiza aende kwenye vile vyuo vya maabara za kung'aa, akashangaa mwenyewe kujisikia akimfukuza mwanawe.

Mwamba wa nje Daktari aliendelea kushuka kuukagua, pamoja na mpiga mbizi mpya aliyeazimwa kutoka jeshi la maji, mtu mchangamfu anayependa kueleza kila alichokiona. Matumbawe waliyoyahamisha hayakupenda makao mapya. Mengine yaling'olewa na mawimbi kabla saruji haijashika. Mengine yaliliwa na samaki aina ya pono. Tope la upanuzi lilifika hata huko na kuyaziba mengine pumzi. Kreti ile ya mwisho ilikufa yote, maana ilikaa kwenye tangi lisilobadilishwa maji siku nzima, watu wakiwa hospitalini.

Alikuwa akimtembelea Kimya kila wiki. Injinia naye alikuja, kwa saa zake, bila kupanga na dada yake. Alitengeneza mteremko wa saruji mlangoni kwa ajili ya kiti, akapanua mlango wa bafu, na alipomaliza vya kujenga aliendelea kuja kumbeba Kimya kumwingiza kuoga, kwa kuwa mkewe mgongo ulikuwa umeanza kumuuma.

Siku moja mke wa Kimya alimwita Daktari uani. Alikuwa anaanika shuka, akampa ncha moja aikamue. Walizungusha kila mmoja upande wake, maji yakamwagika kati yao.

"Yale mawe yenu," mwanamke akauliza, "yameshika?"

"Machache."

"Machache ndiyo mangapi?"

Daktari akainua mkono mmoja. Vidole vyote havikuhitajika.

Mwanamke alilitundika shuka lile, akalinyoosha mikunjo kwa viganja, taratibu, mpaka halikuwa na mkunjo hata mmoja. "Anayaota," akasema. "Amekaa dirishani anafikiria hayo tu. Akikuuliza, mwambie yameshika."

"Wifi, siwezi..."

"Unaweza." Hakupandisha sauti. "Wewe ulitaka kusema ukweli, ukausema, ukaisha. Huyu ametoa miguu yake. Unaweza."

Daktari aliingia ndani. Kimya alikuwa ameketi dirishani, blanketi mapajani, ingawa hakukuwa na baridi. Walizungumza habari za kituo: pampu mpya ambayo haikoromi, mtu wa jeshi la maji na mdomo wake. Kimya alitabasamu. Kisha akageuza kiti kidogo kwa mkono mmoja ili amtazame.

"Yameshika?" akauliza.

Daktari alihisi ulimi umekuwa mzito kama siku ile mkono ulipokataa. Mlangoni alimwona mke wa Kimya amesimama na beseni kiunoni.

"Yameshika," akasema.

"Yale ya matawi?"

"Yale ya matawi hasa."

"Rangi?"

"Imerudi. Ncha ni za buluu."

Kimya alimkazia macho. Walikuwa wamehesabu pamoja nusu ya maisha yao, chini ya maji ambako hakuna maneno, na alikuwa amezoea kusoma uso wake kupitia kioo na viputo. Daktari hakuyakwepa macho yale. Kimya akageuza tena kiti kuelekea dirishani, akasema jua linamchoma, kama anaweza kumvutia pazia. Alilivuta.

Mke wa Kimya aliweka beseni chini. "Kaa ule, wifi," akasema. "Chakula kiko tayari."

Wiki iliyofuata Kimya aliuliza tena, na Daktari akamwambia yamekua. Wiki iliyofuata aliuliza kama samaki wamerudi, wa aina gani, wanakaa upande upi wa mwamba, na mkondo unayafanyaje yale yaliyo juu. Kila jibu lilihitaji jingine la kulishikilia. Ikambidi Daktari akumbuke kila alichosema safari iliyopita, kwa sababu Kimya alikuwa hasahau kitu, na njiani kwenda kwake, akipita kando ya kuta za bandari, alikuwa akijipangia kichwani mwamba mzima: matawi yenye urefu gani, pono wangapi, pweza katika pango gani. Alifanya hivyo mpaka mwaka ukaisha na mwingine ukaanza. Huko chini, joto la maji lilikuwa linapanda tena.